UZI: Strokestown Park, jumba la kabaila wa Ayalandi lililookolewa pamoja na karatasi za wapangaji wake

Jirani_wa_Roscommon (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kwenye ule mjadala wa majengo ya kale kuna hoja iliachwa njiani: jumba la mtu aliyewatesa wenzake likarabatiwe, au liachwe liporomoke? Nijuavyo mimi, kuna mahali hoja hiyo imejibiwa kwa vitendo, nako ni Strokestown Park, kaunti ya Roscommon, katikati ya Ayalandi. Ninaishi kaunti ya jirani na wageni wangu wengi huwa nawapeleka huko. Nitaandika kwa vipande kwa sababu habari ni ndefu. Mwenye swali aulize hapohapo.

Tuanze na jumba lenyewe. Ukoo wa Mahon ulipata ardhi hii karne ya 17, baada ya vita vya Cromwell, jemadari wa Kiingereza aliyeivamia Ayalandi, pale Wakatoliki wengi wa Ayalandi waliponyang'anywa mashamba yakagawiwa maafisa na wafuasi wa upande ulioshinda. Jengo linaloonekana leo, kwa sehemu kubwa, ni la karne ya 18. Thomas Mahon, aliyekuwa mbunge, alimtumia msanifu Richard Cassels, mzaliwa wa Ujerumani, aliyechora majumba makubwa kadhaa nchini humo. Katikati kuna jengo kuu, na kila upande kuna bawa. Bawa moja ni jiko, la pili ni banda la farasi lenye dari ya matao na nguzo, ambalo mgeni akiingia bila kuambiwa atadhani ni kanisa.

Jiko ndilo linalonishika. Juu ukutani kuna roshani ya ndani. Inasimuliwa kwamba kila Jumatatu bibi mwenye nyumba alisimama pale akamdondoshea mpishi karatasi yenye mapishi ya wiki nzima, kisha akarudi zake. Hakuhitaji kushuka, kuvuta moshi wala kumsogelea anayempikia. Pia kuna handaki walimopita watumishi na wachuuzi ili mabwana na wageni wao wasiwaone wakikatiza uwanjani.

Simama kwenye roshani ile na utaelewa maisha ya shamba hili kabla hujasoma ukurasa wowote: kulikuwa na walio juu na walio chini, na fedha nyingi zilitumika ili wasikutane.

Mkulima_Njombe

Nimeweka kambi hapa, mkuu. Naomba kujua shamba lilikuwa kubwa kiasi gani, na hao wapangaji walikuwa wanalima nini?

Jirani_wa_Roscommon

Mkuu, kufikia miaka ya 1840 lilikuwa takribani ekari 11,000, na juu yake waliishi watu karibu 12,000. Gawanya mwenyewe uone. Familia nyingi zilikuwa na kipande kidogo mno, mara nyingi wamekodishiwa na mtu ambaye naye kakodishiwa. Nafaka na mifugo vilikwenda kulipa kodi ya ardhi, na tumbo lilitegemea viazi. Hakuna zao lingine lililoweza kulisha familia kwenye kipande kidogo namna hiyo.

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ukaingia. Ni baka jani chelewa, huohuo mnaopambana nao Njombe na Mbeya kukiwa na baridi na mvua zisizokatika. Jioni shamba ni la kijani, baada ya siku chache majani yameungua meusi na viazi ardhini vimeoza vinanuka. Leo kuna dawa ya kupulizia na mbegu zinazostahimili. Wakati ule ni wataalamu wachache tu walioshuku kwamba ni kimelea, wengi walidhani ni hewa mbaya. Mwaka 1846 zao likaharibika karibu nchi nzima.

Mwaka huohuo wa 1845 Meja Denis Mahon alirithi shamba kutoka kwa ndugu yake, Baron Hartland wa tatu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa wa akili na shamba likawa halina msimamizi wa kweli. Alirithi madeni na malimbikizo ya kodi ya miaka. Akampa usimamizi binamu yake, John Ross Mahon, mtu wa hesabu. Hesabu ilikuwa hivi: sheria ya maskini ya wakati huo ilimtaka mwenye ardhi alipe ushuru kwa ajili ya vipande vidogo kabisa, na fedha hizo ziliendesha nyumba za maskini, yaani majengo ambako wenye njaa walifungiwa na kufanyishwa kazi ili wapate uji. Msimamizi akamwonyesha Meja kwamba kumsafirisha mpangaji hadi Kanada ni rahisi kuliko kumlisha mwaka mmoja.

Basi Mei 1847 watu 1,490 walitolewa Strokestown. Walitembea kwa miguu kandokando ya Mfereji wa Kifalme hadi Dublin, wakisindikizwa na mtu wa shamba kuhakikisha wamepanda meli na hawarudi. Dublin wakavushwa hadi Liverpool, na Liverpool wakapakiwa kwenye meli nne: Virginius, Naomi, John Munn na Erin's Queen. Nauli ilimgharimu Meja karibu pauni 4,000, na kwa bei hiyo walipata nafasi mbaya kuliko zote. Virginius iliondoka na abiria 476. Waliokufa njiani ni 158. Ilipotia nanga Grosse Île, kisiwa cha karantini kwenye mto St Lawrence, daktari wa pale aliandika kwamba walioshuka walikuwa kama mizuka ya rangi ya njano. Katika wale 1,490, inakadiriwa karibu nusu hawakufika mwisho wa safari.

Mkulima_Njombe

Dah. Na huyo Meja ikawaje?

Jirani_wa_Roscommon

Alipigwa risasi tarehe 2 Novemba 1847, akiwa kwenye gari la farasi anarudi nyumbani kutoka mkutano wa wasimamizi wa nyumba ya maskini ya Roscommon. Habari ilitikisa hadi bunge la London. Padri wa parokia alituhumiwa kwamba alimlaani Meja kanisani, naye akakana kabisa. Mwaka 1848 watu wawili walinyongwa kwa mauaji hayo. Ila kufukuza watu hakukukoma. Askofu Browne wa jimbo la Elphin akachapisha gazetini orodha ya familia zilizoondolewa kwenye shamba la Mahon, jumla ya watu 3,006.

Roscommon ilipoteza karibu theluthi moja ya watu wake kati ya sensa ya 1841 na ya 1851. Nchi nzima walikufa watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni wakahama.

Kipanga_Huru

Samahani mkuu, mimi nitasema lililo moyoni. Kwa historia hii, jumba lile lilipaswa kuchomwa. Kwa nini leo watu walipe kiingilio kuangalia vijiko vya fedha vya ukoo uliowauza watu kama mzigo? Kukarabati ni kuwapa heshima.

Jirani_wa_Roscommon

Ndugu Kipanga, hoja yako ni nzito na Waayalandi wenyewe wameishi nayo. Kati ya 1920 na 1923, wakati wa vita vya uhuru na vile vya wenyewe kwa wenyewe, zaidi ya majumba 270 ya namna hii yalichomwa moto. Mengine yaliangushwa baadaye bila kiberiti: sheria za ardhi, hasa ya 1903, ziliwawezesha wapangaji kununua mashamba, wenye majumba wakabaki bila kodi za kuezekea mapaa. Kuna walioondoa paa wenyewe ili wasitozwe ushuru wa jengo. Kwa vizazi viwili hivi, msimamo wa wengi ulikuwa kama wako: hayo si yetu, acha yaanguke.

Lakini hebu angalia kilichopotea kwa njia hiyo. Ndani ya kila jumba kulikuwa na ofisi ya shamba. Ofisini kulikuwa na daftari za kodi, ramani za vipande, barua za wasimamizi na maombi ya wapangaji. Mpangaji wa 1846 hakuwa na picha, wala kaburi lenye jina. Mara nyingi mahali pekee jina lake lilipoandikwa ni kwenye daftari la yule aliyemdai. Jumba likiungua, aliyefutika kabisa ni mpangaji. Bwana ana picha yake ya rangi kwenye jumba la binamu yake kule Uingereza.

Ndiyo maana Strokestown ni ya pekee. Mwaka 1979 mwanaukoo wa mwisho kuishi humo, Olive Pakenham Mahon, alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, jumba limemzidi nguvu. Aliyenunua ni Jim Callery, mwenyeji wa palepale, mfanyabiashara wa malori. Alichokuwa anataka ni ekari chache za kupanua gereji yake, akajikuta amenunua jumba zima na vilivyomo. Kisha akaingia ofisi ya shamba na kuanza kufungua makaratasi.

Katika makaratasi hayo alikuta ombi la wapangaji wa Cloonahee, sehemu ya shamba hilo, la Agosti 1846. Wanamwandikia bwana wao kwa adabu zote kwamba viazi vimeoza, nafaka hawana, watoto wanalia njaa mbele yao na hawajui watavumilia kilio hicho hadi lini. Wanaomba kazi na chakula. Ombi hilo limewekwa makumbusho. Karatasi imekunjwa mikunjo ya kutoshea mfukoni, mwandiko wake umetulia, ni wa mtu aliyezoea kuwaandikia wengine barua. Nami kila nikilifikia husoma mwanzo hadi mwisho, siwezi kulipita.

Callery ndiye mtu mwenye akili kubwa katika habari hii yote. Angeweza kuuza samani kwa mnada, kama ilivyofanyika kwenye majumba mengi. Angeweza kuweka vyumba vizuri na kuyafungia makaratasi. Badala yake alihifadhi vyote viwili, jumba na makaratasi: jumba likafunguliwa kwa umma mwaka 1987 likiwa na vitu vyake vya asili, na mwaka 1994 Makumbusho ya Taifa ya Njaa yakafunguliwa palepale, kwenye majengo ya mazizi. Kwa hiyo hukuti utukufu huku na aibu kule, mji mwingine. Unatoka chumba cha kulia chenye meza iliyoandaliwa, unavuka uwanja, unasoma ombi la Cloonahee.

Nijibu na hili la heshima. Ukoo haujapewa heshima yoyote pale. Umepewa ushahidi dhidi yake, kwa mwandiko wake wenyewe.

Kipanga_Huru

Nimekuelewa kwenye daftari za kodi, hilo sikulifikiria. Bado vijiko vya fedha vinanikera.

Fundi_Chokaa_Unguja

Asalaam aleikum. Mie ni fundi uashi, kazi yangu ni nyumba za Mji Mkongwe. Huko Ayalandi wanajengea nini? Maana huku tatizo letu kubwa ni mtu kuja na saruji akapiga lipu ukuta wa mawe na chokaa, baada ya misimu miwili mitatu ukuta unabanduka mapande.

Jirani_wa_Roscommon

Waaleikum salaam, fundi. Kumbe wewe ndiye tuliyekuwa tunamngoja. Majumba ya karne ya 18 huku nayo ni mawe au matofali kwa chokaa, na maradhi ni yaleyale. Kwenye karne ya 20 watu walipaka saruji juu ya chokaa wakidhani wanaimarisha. Chokaa huacha unyevu utoke, saruji inaufungia ndani. Kwa hali ya hewa ya huku, mvua karibu mwaka mzima, maji yaliyofungiwa yanaozesha boriti za sakafu pale zinapoingia ukutani, na mtu hagundui mpaka sakafu imelegea. Mafundi wa hifadhi sasa wanabandua saruji na kurudisha chokaa.

Jambo jingine wanalolisisitiza ni mifereji ya paa. Kwenye mapaa makubwa ya vigae vya mawe, maji hukusanyika kwenye mabonde yaliyotandikwa mabati ya madini ya risasi. Jani moja likiziba mfereji, maji yanatafuta njia kupitia dari ya plasta yenye maua ya miaka 250. Mtu aliyeajiriwa kusafisha mifereji kila vuli anaokoa kuliko msanii wa kurudishia dari.

Fundi_Chokaa_Unguja

Hapo umesema kweli kabisa. Maji ndiyo adui. Huku wazee walipika chokaa kwa mawe ya matumbawe, wakaiacha ilale muda mrefu kabla ya kuitumia. Vijana wa leo wanaitaka leoleo. Na nyumba ikishavuja juu, sie huitwa wakati dari imeshaanguka.

Mama_Neema_Dublin

Jamani mimi nipo Dublin, naomba nichangie. Ile njia waliyotembea wale 1,490 sasa ni njia rasmi ya matembezi, inaitwa National Famine Way, kilomita 165 kutoka Strokestown hadi bandarini Dublin. Njiani kuna viatu vya shaba vya mtoto zaidi ya 30, vimetengenezwa kwa kufuata jozi ya viatu vya karne ya 19 vilivyokutwa kwenye paa la nyumba ya zamani. Nilitembea kipande cha mwisho na binti yangu, ana miaka kumi na mbili. Kila tukifika kwenye viatu anaweka mguu wake kando. Vidogo kuliko vyake.

Njia yenyewe inasimuliwa kwa kumfuata mtoto wa rika lake, Daniel Tighe. Aliondoka na mama yake na ndugu zake. Waliofika hai Kanada ni yeye na dada yake Catherine tu. Wakalelewa na familia moja ya Quebec inayosema Kifaransa. Binti yangu akaniuliza: sasa walikuwa wanaongea lugha gani na hao wazazi wapya? Sikuwa na jibu.

Jirani_wa_Roscommon

Dada, asante sana. Niongezee hapo: mwaka 2013 mzao wa Daniel alikuja Strokestown kutoka Kanada. Jina likatoka kwenye daftari, likavuka bahari, likarudi na mtu. Sasa kuna mradi wa kuwatafuta wazao wa wale wote 1,490, na bintiye Callery ni mmoja wa wanaousukuma. Hii ndiyo maana yangu nikisema kukarabati jumba bila kushirikisha watu historia yake ni nusu ya kazi. Dari unaweza kuirudisha kwa fedha. Majina unahitaji watu wa mabara mawili wakae na daftari, na vitabu vya ubatizo, na orodha za meli, mwaka baada ya mwaka.

Kipanga_Huru

Fedha zinatoka wapi? Maana huku kwetu tatizo si nia.

Jirani_wa_Roscommon

Kwa miaka mingi zilitoka mfukoni mwa kampuni ya Callery. Tangu 2015 uendeshaji umo mikononi mwa Irish Heritage Trust, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 2006, ambalo pia linaendesha Fota House kule Cork. Makumbusho yalifanyiwa matengenezo makubwa ya zaidi ya yuro milioni 5, serikali ikichangia, yakafunguliwa upya 2022. Kiingilio, mgahawa na bustani iliyozungushiwa ukuta vinasaidia matumizi ya kila siku.

Kwa majumba yaliyo mikononi mwa watu binafsi kuna kifungu cha 482 cha sheria ya kodi ya 1997, na hiki naona kingeigwa kokote. Mwenye jumba la thamani ya kihistoria anapunguziwa kodi kwa gharama za matengenezo, kwa sharti kwamba afungulie umma angalau siku 60 kwa mwaka, 40 kati yake ziwe kati ya Mei na Septemba. Serikali haigusi jengo, ila mwananchi anapata mlango uliofunguliwa.

Msomaji_Nairobi

Nimefuata uzi huu kimyakimya. Nakumbuka Rais Mary Robinson wa Ayalandi alipotoka Somalia mwaka 1992 wakati wa ile njaa, alizungumza na wanahabari hapa Nairobi na alishindwa kujizuia, sauti ilikatika. Je, ana uhusiano wowote na makumbusho haya?

Jirani_wa_Roscommon

Anao. Ndiye aliyefungua makumbusho ya Strokestown mwaka 1994. Walioyaanzisha walikusudia tangu mwanzo kwamba yasiishie 1847, bali yaulize kwa nini watu bado wanakufa njaa leo, wakati chakula kipo.

Na hapa nina neno la kulaumu kidogo, kwa sababu mahali pale napapenda. Makumbusho yanaeleza vizuri bwana na yanaeleza vizuri mpangaji. Ningependa zaidi kuhusu wa katikati: aliyekodisha ekari tano akazikodisha tena kwa wanne, aliyetumwa kubomoa kibanda cha jirani ili asibomolewe chake, na mfugaji aliyechukua malisho pale palipokuwa na vijiji. Baadhi ya familia hizo bado zipo, na pengine ndiyo sababu inasemwa kwa sauti ya chini. Nyaraka zinaruhusu. Ziko zaidi ya 50,000, na Chuo Kikuu cha Maynooth, chenye kituo maalumu cha utafiti wa majumba na mashamba haya tangu 2004, kimefanya nazo kazi kubwa.

Mama_Neema_Dublin

Kweli hilo la wa katikati. Kaka, nikija na kundi la kanisani Julai, tuanze na nini? Tuna nusu siku tu.

Jirani_wa_Roscommon

Kutoka Dublin kwa gari ni kama saa mbili, mtoke asubuhi. Msianze na jumba, hata mkiambiwa ziara ya jumba ndiyo inaanza sasa hivi. Nendeni kwanza makumbusho, msome ombi la Cloonahee bila haraka, ndipo mwingie jumbani. Mkipita jikoni mwombe mwongozaji awaeleze ile roshani. Watoto waonyesheni chumba cha vitu vya kuchezea, maana wenzao wa Cloonahee walikuwa maili chache tu kutoka hapo. Bustani iwe mwisho, mvua ikiruhusu. Nijulishe tarehe, nitakuja tuungane.